Huzuni Ndani ya Sikukuu: Kudumu kwa Albamu ya Krismasi ya Vince Guaraldi

Kila unapoingia mwezi wa Desemba, santuri iliyotolewa mwaka 1965 na mpiga piano wa San Francisco na wenzake, wakisaidiwa na watoto wachache wa kwaya ya kanisa, hurejea katika orodha za muziki unaouzwa zaidi nchini Marekani. Santuri hiyo ni A Charlie Brown Christmas, ya Vince Guaraldi, iliyotolewa na kampuni ya Fantasy. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, na kufikia mwaka 2022 ilikuwa imethibitishwa kufikia kiwango cha nakala milioni 5. Kwa kazi ya jazi isiyo na mwimbaji mashuhuri, ambayo sehemu yake kubwa haina maneno kabisa, hilo si jambo dogo. Muziki wa Krismasi ni shamba lililolimwa hadi likachakaa. Kila mwaka hutolewa albamu nyingi za aina hiyo, na nyingi husahaulika kabla Januari haijaisha.

Maelezo mawili hutolewa aghalabu kuhusu kudumu kwa albamu hii. La kwanza ni mazoea: Wamarekani waliisikia utotoni katika televisheni, wakawasikilizisha watoto wao, na hao wakawarithisha wao. La pili ni biashara: sikukuu imekuwa soko, na soko huhitaji muziki wa kulipambia. Makala haya yanayakubali maelezo yote mawili kwa kiasi, lakini yanashikilia kwamba hayafiki kwenye kiini. Albamu hii imedumu kwa sababu inaipa huzuni nafasi ndani ya sikukuu, na inafanya hivyo kwa fani yenyewe, bila kutangaza. Suala hili linamhusu pia mhakiki wa fasihi, hata yule ambaye hajawahi kuigusa piano, kwani linapima kwa kiasi gani uhakiki uliozoea kutafuta ujumbe katika maneno unaweza kusema lolote la maana juu ya sanaa ambayo maneno yake ni machache na dhaifu.

Kwanza, hapana budi kutahadhari na neno lenyewe. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jazi ni jina lililobebwa na bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Bendi hizo zilipiga rumba na mitindo mingine ya dansi kwa magitaa na matarumbeta, na uhusiano wao na jazi ya Marekani ulikuwa zaidi wa jina na heshima kuliko wa mbinu. Jazi inayozungumziwa hapa ni ile iliyozaliwa miongoni mwa Wamarekani Weusi, ambamo mpigaji huchukua lahani inayojulikana, akaivunja na kuiunda upya papo hapo mbele ya wasikilizaji. Kikundi cha Guaraldi kilikuwa cha ala tatu: piano, besi na ngoma. Fred Marshall kwenye besi na Jerry Granelli kwenye ngoma ndio wanaotajwa zaidi kuhusiana na kazi hii.

Guaraldi alizaliwa San Francisco mwaka 1928, katika jamii ya Wamarekani wenye asili ya Italia. Katika miaka ya 1950 alipiga piano katika kundi la Cal Tjader, lililochanganya jazi na midundo ya Amerika ya Kilatini, na ushawishi huo haukumtoka. Mwaka 1962 alitoa albamu iliyojengwa juu ya muziki wa filamu ya Black Orpheus, filamu iliyopigwa nchini Brazil, na ndani yake akatia utunzi wake mwenyewe, Cast Your Fate to the Wind. Utunzi huo ulimpatia tuzo ya Grammy mwaka 1963. Lee Mendelson, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, aliusikia redioni alipokuwa akivuka daraja la Golden Gate. Wakati huo Mendelson alikuwa akitengeneza filamu kuhusu Charles Schulz, mchoraji wa katuni za Peanuts zilizoanza kuchapishwa magazetini tarehe 2 Oktoba 1950, naye akamwomba Guaraldi aitungie muziki. Filamu haikupata mnunuzi. Muziki ulibaki, na miongoni mwake Linus and Lucy, lahani ambayo leo hutambulika hata kwa watu wasiojua jina lake wala la mtunzi wake.

Mwaka 1965 kampuni ya Coca-Cola ilitaka kudhamini kipindi cha Krismasi, na Mendelson, Schulz na mchoraji Bill Melendez wakapewa miezi michache tu ya kukikamilisha. Kazi iliyopatikana ilikiuka karibu kila kanuni ya televisheni ya siku hizo. Sauti za wahusika zilikuwa za watoto halisi, baadhi yao wadogo mno kuweza kusoma mistari waliyopewa. Hakukuwa na vicheko vya kurekodiwa vya kumwonyesha mtazamaji mahali pa kucheka. Mwendo ulikuwa wa polepole, mhusika mmoja alisoma aya za Injili ya Luka bila mzaha wowote, na chini ya yote hayo ilipigwa jazi. Wakuu wa kituo cha CBS walipoiona walidhani imeshindikana. Ilirushwa tarehe 9 Desemba 1965 kwa kuwa muda wa kubadili ulikuwa umekwisha, na karibu nusu ya televisheni zilizokuwa zimewashwa nchini usiku ule ziliionyesha.

Hadithi yenyewe ni fupi. Charlie Brown, mtoto mwenye kichwa cha mviringo na bahati mbaya isiyokwisha, anatambua kwamba Krismasi imefika naye hana furaha. Anajua kwamba anapaswa kufurahi. Anapenda zawadi, anapenda mapambo, lakini moyo haumfuati. Wenzake wanamwona mkosaji. Anapewa kazi ya kuongoza mchezo wa kuigiza, anashindwa. Anatumwa kununua mti wa Krismasi, na katikati ya miti ya kung'aa ya alumini anachagua kijiti cha mti halisi kinachopukutika majani. Mwishoni watoto wanakipamba kijiti hicho na kuimba. Huzuni ya Charlie Brown haielezwi chanzo chake, wala haiponywi kwa hoja. Inavumiliwa tu, kisha inapata wenzake.

Hapo ndipo ulipo mlango wa kuingilia muziki. Katika Linus and Lucy mkono wa kushoto hurudia kifungu kimoja kifupi cha sauti, tena na tena, bila kuchoka, huku mkono wa kulia ukirukaruka juu yake. Ni takriri kwa maana kamili ambayo mhakiki wa ushairi huipa istilahi hiyo: urudiaji unaojenga matarajio ili mabadiliko madogo yawe na uzito mkubwa. Mizizi ya mkono huo wa kushoto ni wapiga piano Weusi wa mtindo wa boogie-woogie, watu kama Jimmy Yancey na Albert Ammons, ambao Guaraldi aliwahusudu tangu ujana wake. Kwake yeye mtindo uliozaliwa katika kumbi za ulevi na dansi umegeuka kuwa mwendo wa watoto. Kipande hiki ni cha furaha na huchezesha miguu, lakini furaha yake ina jambo la ajabu: kile kifungu cha chini hakitulii wala hakifiki popote. Kinazunguka kama mtoto anayezunguka ili asisimame akafikiri.

Utunzi unaobeba uzito wote wa albamu, hata hivyo, ni Christmas Time Is Here. Umo mara mbili, mara moja kwa ala peke yake na mara moja kwa sauti za watoto. Mwendo wake ni wa mapigo matatu, polepole sana, karibu wa usingizi. Sauti za mwanzo zinazopigwa pamoja si zile za wazi na imara ambazo nyimbo za kanisani huanzia. Guaraldi anaongeza juu yake sauti ya saba, sauti inayoupa mwanzo huo utamu wenye mashaka, kama tabasamu la mtu aliyetoka kulia. Kisha, badala ya kwenda mahali ambapo sikio linatarajia, anateleza hadi kwenye sauti zisizo za ufunguo huo, na kurudi, na kuteleza tena. Msikilizaji asiyejua nadharia ya muziki hana haja ya kuambiwa haya. Anachosikia ni kwamba kuna kitu kimekosekana chumbani na hakuna anayekitaja.

Maneno ya wimbo huo yanasema kinyume kabisa. Ni maneno ya shangwe za kawaida za msimu. Aliyeyaandika ni Mendelson, ambaye hakuwa mtunzi wa mashairi, na kwa maelezo yake mwenyewe aliyaandika kwa dakika chache juu ya bahasha baada ya kukosa mtunzi aliyekuwa na nafasi. Mhakiki anayeyatoa maneno hayo na kuyaweka kwenye karatasi ili atafute dhamira hataambulia kitu. Ataona wimbo hafifu wa sikukuu na kuusukuma kando. Lakini yakiwa mahali pake, juu ya lahani ile, maneno yanazaa kinaya ambacho hakimo ndani yake. Kinywa kinatangaza furaha na sauti inaikanusha. Wala kinaya hiki si cha dhihaka, kwa sababu wanaoimba ni watoto, na watoto hawa hawaonekani kutambua kwamba wimbo wanaouimba una huzuni. Huzuni inamwangukia msikilizaji peke yake.

Hapa inafaa kusema waziwazi jambo ambalo uhakiki wa Kiswahili umekuwa ukilizunguka. Mgawanyo wa fani na maudhui umekuwa chombo kizuri cha kufundishia, lakini umezoesha vizazi vya wanafunzi kuidhani fani kuwa chupa na maudhui kuwa maji: chupa inaweza kuvunjwa na maji yakahamishwa. Nyimbo zimeathiriwa zaidi na mazoea hayo kuliko tanzu nyinginezo. Zimekusanywa, zikanukuliwa, zikachapwa kama mashairi yasiyo na sauti, na kisha zikahukumiwa kwa ujumbe wake. Albamu ya Guaraldi ni mfano uliokithiri, na ndiyo maana unafaa. Kipande kama O Tannenbaum hakina neno hata moja. Kinaanza kwa piano peke yake, lahani ya kale ya Kijerumani ikipigwa kwa unyenyekevu kama mtu anayekumbuka. Kisha besi na ngoma zinaingia, ngoma ikipigwa kwa brashi za waya na si kwa vijiti, na wimbo unaanza kutembea, halafu kucheza. Hakuna ujumbe wa kuutoa humo. Kilichotokea ni kwamba wimbo ambao kila mtu aliudhani ameumaliza umefunguliwa, na ndani yake umekutwa mtu.

Hali hiyo hiyo iko katika Skating, ambamo mkono wa kulia hushusha sauti mbilimbili kwa ulaini hata msikilizaji huona theluji ikianguka. Taswira iliyojengwa bila sitiari na bila kivumishi. Vipande vingine ni vyepesi zaidi, na haina faida kudai kwamba albamu nzima ina kina kimoja. Für Elise ya Beethoven imewekwa kwa ufupi kwa sababu ya mzaha uliomo katika filamu, na nje ya filamu haina kazi kubwa.

Kuhusu sauti za watoto, zilitoka katika kwaya ya kanisa la Mtakatifu Paulo la mji wa San Rafael, kwaya ambayo Guaraldi alikuwa ameshirikiana nayo katika misa ya jazi iliyofanyika katika kanisa kuu la Grace mjini San Francisco mwezi Mei 1965. Sauti hizo hazikusafishwa. Katika Hark! The Herald Angels Sing kuna mahali ambapo watoto wanakaribia kutoka nje ya ufunguo, na mtu mwenye sikio la kwaya hukereka. Waliotengeneza kazi hii walitaka watoto wasikike kama watoto, na kuna sababu ya kukubaliana nao. Ukamilifu ungeifanya kwaya iwe pambo. Kutokamilika kunaifanya iwe kundi la watu waliojitokeza jioni ya baridi kuimba wanachokijua, kwa kadiri wanavyokijua. Wahakiki wa fasihi simulizi wanaifahamu tofauti hii vizuri: kikohozi cha fanani na kusitasita kwake ni sehemu ya utendaji, na anayekifuta kikohozi hicho katika maandishi amepoteza ushahidi kwamba palikuwa na mtu.

Hoja ya mazoea inapaswa kujibiwa hapa. Ni kweli kwamba filamu ilirushwa kila mwaka, kwanza na CBS, kisha na ABC kuanzia 2001 hadi 2019. Lakini mwaka 2020 haki za kuionyesha zilichukuliwa na kampuni ya Apple kwa ajili ya huduma yake ya kulipia. Televisheni ya umma ya PBS iliionyesha mwaka huo na mwaka uliofuata, na baada ya hapo ikaondoka katika vituo vya kawaida. Desturi ya taifa zima kuketi jioni moja kutazama filamu moja ikawa imekatika. Santuri haikufuata njia hiyo. Iliendelea kurudi kila Desemba. Isitoshe, albamu ina vipande visivyotegemea filamu hata kidogo, na wengi wanaoisikiliza huisikiliza wakipika, wakifunga zawadi au wakiendesha gari usiku, macho yao yakiwa kwingine. Mazoea yanaweza kueleza kwa nini kitu kinarudi, lakini hayaelezi kwa nini, kati ya vitu mia vilivyopewa nafasi ileile ya kuzoeleka, hiki ndicho kilichorudi.

Hoja ya biashara ni nzito zaidi, na wanaoipenda albamu hii huipita haraka mno. Filamu ilikuwa malalamiko dhidi ya kugeuzwa kwa Krismasi kuwa soko, na aliyelipia malalamiko hayo ni kampuni ya kuuza vinywaji baridi. Katika onyesho la mwanzo alama za kampuni hiyo zilikuwamo ndani ya filamu yenyewe, nazo ziliondolewa katika marudio ya baadaye. Leo muziki uleule hupigwa madukani, ukimtuliza mnunuzi ili akae zaidi kati ya rafu. Mfuasi wa Theodor Adorno angesema kwamba hapana la kushangaza: Adorno alidai, katika makala yake ya mwaka 1941 kuhusu muziki pendwa, kwamba muziki huo hutengenezwa kwa violezo na kumzoesha msikilizaji kutii. Kwa mtazamo huo, huzuni ya Guaraldi ni bidhaa moja zaidi katika rafu, bidhaa ya wateja wenye ladha wanaoona aibu kununua furaha ya rejareja.

Kuna ukweli katika lawama hiyo. Huzuni laini huuzika, na soko limekwisha kuligundua hilo. Lakini lawama inadhani kwamba kazi ya sanaa huisha pale nia ya mlipaji inapoishia. Coca-Cola ilinunua kipindi cha msimu. Haikununua, wala haikuweza kuagiza, ule mteremko wa sauti katika Christmas Time Is Here, na hapana ushahidi kwamba wakuu wa CBS waliousikia waliupenda. Waliona jazi haifai kwa watoto. Sanaa nyingi zinazoheshimiwa ziliagizwa na matajiri: watunzi wa kale wa Ulaya walikula meza ya wafalme na maaskofu, na malenga wengi wa pwani ya Afrika Mashariki walitunga kwa ajili ya harusi na majumba ya wakubwa. Swali la mhakiki ni kama ndani ya agizo hilo msanii alisema jambo ambalo mwagizaji hakulitaka au hakulielewa. Guaraldi alilisema. Kwamba linasemwa sasa katikati ya maduka halilifuti. Pengine hapo ndipo linaposikika kwa uchungu zaidi, kwa sababu mnunuzi mwenye mikono iliyojaa mifuko ndiye Charlie Brown mwenyewe.

Lawama nyingine ni ngumu zaidi kuijibu. Jazi ni urithi wa Wamarekani Weusi. Kabla ya Guaraldi, mwaka 1960, Ella Fitzgerald alikuwa ametoa albamu ya Krismasi yenye uhai mkubwa, na mwaka huohuo Duke Ellington na Billy Strayhorn walikuwa wameigeuza The Nutcracker ya Tchaikovsky kuwa jazi kwa ustadi ambao Guaraldi hakupata kuufikia. Mwaka 1966 mpiga gitaa Kenny Burrell alitoa albamu ya Krismasi yenye huzuni ya blues isiyo na kificho. Kwa nini basi ni kazi ya mpiga piano Mweupe, iliyoandamana na katuni ambayo mwaka 1965 haikuwa na mtoto Mweusi hata mmoja, ndiyo iliyokuwa jazi ya Krismasi ya taifa? Franklin, mhusika Mweusi wa kwanza katika Peanuts, aliingia Julai 1968, baada ya mwalimu mmoja wa California kumwandikia Schulz siku chache tu baada ya kuuawa kwa Martin Luther King.

Jibu la kweli ni kwamba televisheni ilimpa Guaraldi mlango ambao haukuwa wazi kwa Burrell, na kukana hilo ni kukana historia. Wema wa muziki wenyewe hauondoi udhalimu wa njia uliyopitia. Hata hivyo, ulinganisho unafichua pia tofauti ya kisanaa. Ella anatawala kila wimbo, msikilizaji anamshangaa. Ellington anamwonyesha msikilizaji jinsi lahani inavyoweza kupinduliwa. Msikilizaji anastaajabia akili. Burrell anaililia sikukuu kama mtu mzima. Guaraldi anafanya kidogo kuliko wote. Anaacha nafasi. Kati ya kifungu na kifungu hunyamaza, na brashi ya ngoma ndiyo pekee inayosikika, kama nyayo kwenye mchanga. Uchache huo si kipimo cha ukuu, na mhakiki anayetaka kumweka Guaraldi juu ya Ellington kwa sababu ya mauzo atakuwa amekosea pakubwa. Lakini nafasi aliyoiacha ndiyo ambayo wasikilizaji wengi wameingia nayo kila mmoja na maiti wake, na talaka yake, na mwana wake aliye mbali. Kwa maana Krismasi ni siku ambayo kiti kitupu mezani huonekana kuliko siku nyingine yoyote, na muziki mwingi wa msimu hupigwa kwa sauti kubwa ili kiti hicho kisionekane.

Kwamba hili halikuwa bahati tu linaweza kuchunguzwa sasa kuliko zamani. Mwaka 2022 kampuni ya Craft Recordings ilitoa toleo lenye majaribio mengi yaliyorekodiwa mwaka 1965 na ambayo hayakuwa yametumika. Mtafiti anaweza kusikiliza lahani ileile ikipigwa mara kadhaa, kwa kasi tofauti, na kulinganisha kilichochaguliwa na kilichoachwa. Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, ambao hulalamika kwamba utendaji hauwezi kuchunguzwa kwa kuwa hupita na kutoweka, hii ni maktaba ya utendaji mmoja ukiwa katika matoleo yake yote.

Guaraldi mwenyewe hakuona umashuhuri huu. Aliendelea kupiga piano katika vilabu vya usiku vya eneo la San Francisco, na usiku wa tarehe 6 Februari 1976, katika mapumziko baina ya sehemu mbili za onyesho mjini Menlo Park, alianguka akafa. Alikuwa na umri wa miaka 47, na filamu ya Krismasi ilikuwa imeonyeshwa katika misimu 11. Kazi yake ya mwisho studioni ilikuwa muziki wa filamu nyingine ya Charlie Brown, inayohusu siku ya kupanda miti, nayo ilirushwa mwezi Machi mwaka huo, wiki chache baada ya mazishi yake.